Kochi la Karibu na Dirisha

Juzi binti wa kaka yangu anayeishi Nyanga alinipigia simu kuniuliza mkojo wa paka unatolewaje kwenye sofa. Ameshajaribu sabuni ya unga, ameshapulizia marashi, ameshamlipa hata kijana wa kuosha mazulia, na bado mgeni akiingia anakunja pua. Nilimjibu bila kufikiri. Usimwagie maji ya moto, maana maji ya moto huipika ile harufu ikabaki humo. Kausha kwanza kwa kitambaa, ukandamize, usisugue. Halafu mwagia maji ya limau au siki, uyaache yanywee mpaka kule ndani mkojo ulikofika, kwa sababu ukisafisha juu juu unajidanganya. Kisha anika juani, siku mbili au tatu. Na paka mwenyewe mtafutie boksi la mchanga, kwa kuwa akishapazoea mahali atapakumbuka kuliko wewe unavyoikumbuka njia ya kanisani.

Akacheka, akaniuliza, shangazi, umejifunzia wapi haya yote? Nikakata simu. Baadaye nilimwandikia kwamba mtandao ulikatika, lakini mtandao haukuwa na kosa lolote. Nilikabwa na hasira, ile ile ya mtoto wa miaka tisa, ambayo nimekua nayo na kuzeeka nayo, na sioni sababu ya kuificha tena kwa kuwa wote niliokuwa nawafichia wamekwisha kufa.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka sakafu za nyumba zetu. Nyasi laini zilikatwa bondeni zikatandikwa nene kuanzia mlangoni mpaka ndani, ukikanyaga unasikia ubaridi wake kati ya vidole. Mgeni alijua anaheshimiwa kwa kunusa tu kama nyasi ni za leo au za wiki iliyopita. Zikichakaa zilitupwa kwenye migomba zikatandikwa nyingine. Mtoto akijikojolea, mbuzi akiingia, kuku akifanya mambo yake, ulizoa nyasi zile, habari ikaisha. Sijawahi kusikia mama wa zamani amekosa usingizi kwa sababu ya doa.

Baba hakutaka nyasi. Alikuwa karani mjini Bukoba na balozi wa nyumba kumi huku kwetu Ijuganyondo, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupigwa saruji upande ule. Aliwaambia majirani kwamba nyasi zinafuga viroboto na zinamfuga mtu katika ujinga. Sakafu yetu ilipakwa nta nyekundu, na sisi watoto tuliing'arisha kila Jumamosi kwa kuteleza juu yake huku tumefungwa vipande vya blanketi miguuni. Sebuleni palikuwa na makochi manne ya mbao yenye mito ya sufi, kila mto na kitambaa chake cheupe alichofuma Mama. Watu wa afya walikuja wakasema hii ndiyo nyumba ya mfano. Tangu siku hiyo Baba akawa mtumwa wa sebule yake, na sisi tukawa watumwa wa mtumwa.

Bibi mzaa baba aliletwa kwetu kutoka Kamachumu baada ya Babu kufariki na msonge wao kuanza kuinama upande mmoja. Alikuwa mwembamba, mkimya, magoti yakimlia kila alipoinuka. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akaitazama sakafu nyekundu kwa muda mrefu, kisha akamwuliza Baba kwa Kihaya kama tumekosa mtu wa kutukatia nyasi. Baba alicheka. Bibi hakuwa anatania.

Makochi hakuyagusa. Mwanamke wa rika lake hakukaa kitini mbele ya wanaume, hata kama mwanaume huyo ni mwana aliyemzaa mwenyewe. Alikaa chini, miguu ameikunjia upande, juu ya saruji baridi. Baada ya siku tatu alichukua mundu akashuka bondeni, akarudi na mzigo wa nyasi kichwani, akatandika pembe yake karibu na dirisha, eneo la mkeka mmoja tu. Mama alikunja uso lakini hakusema kitu, kwani mkwe ni mkwe. Mimi nilipenda sana pembe ile. Nikitoka shule nilijilaza pale, na Bibi akinimenyea ndizi mbivu huku akinieleza nani alioa wapi na kwa nini ilikuwa makosa.

Paka alikuwa wangu. Nilimwita Pili kwa sababu alizaliwa wa pili kwa mama yake, paka wa jirani. Ruhusa yake ilikuwa jikoni, kwa ajili ya panya, na sebuleni alipigwa marufuku. Haja zake alizimalizia kibanjani, lile shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba, kwenye nyasi kavu zinazotandikwa kulinda unyevu. Paka ni msafi kuliko watu wengi ninaowafahamu. Hakojoi mpaka apate kitu cha kufukua. Sasa mfikirieni paka huyo, mchana Mama yuko shambani na Baba yuko ofisini, mimi namfungulia mlango wa sebule ili tucheze, naye anakuta kibanja kidogo kimetandikwa pembeni. Alifanya alichofundishwa na mama yake.

Mara ya kwanza nilizoa nyasi zilizolowa nikazitupa kwenye migomba, na Bibi alipotoka kuota jua akarudi, aliona pengo lile akalijaza kwa nyasi nyingine bila kuuliza. Mara ya pili vivyo hivyo. Nilijiona mjanja. Lakini chini ya nyasi mkojo ulikuwa umeshaingia katika saruji, na saruji haisahau. Mama alianza kunusanusa. Akasema nyasi zinaoza, akazitoa zote, akampa Bibi mkeka. Pili alipoingia tena hakukuta cha kufukua, kwa hiyo akachagua kitu kilichokuwa laini kuliko vyote katika chumba kile, mto wa kochi la karibu na dirisha.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na wafanyakazi tulikuwa wawili, Mama na mimi. Sabuni ilikuwa imeadimika. Duka la ushirika likifunguliwa unapanga foleni tangu alfajiri, ukifika mbele unapewa nusu mche wa kufulia nguo za nyumba nzima. Kwa hiyo Mama alichoma maganda makavu ya ndizi, akachuja majivu yake kwa maji, yakatoka maji makali yanayochubua vidole, tukasugulia nayo sakafu. Tulitwanga majani ya mpapai tukaoshea kitambaa cha mto. Akajaribu malimau. Akajaribu mafuta ya taa, yakala rangi ya kitambaa na kuacha alama ya njano yenye ukubwa wa sahani. Siku moja kwa hasira akachemsha maji akaumwagia mto wenyewe, na tangu siku hiyo harufu haikutoka tena. Mwishoni alikaanga kahawa jikoni mpaka ikaungua, akaizungusha kikaangoni sebule nzima moshi ukifuka. Wajumbe wa nyumba kumi walipokuja jioni walikaa wanapumua kwa mdomo.

Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake, nasugua, na nilijua. Hili nalisema wazi kwa kuwa sitaki mtu anisafishe. Nilijua ni Pili, na nilijua nikisema Pili ataondolewa. Mtoto wa miaka tisa hupima mambo kwa mizani yake. Kwenye mizani yangu upande mmoja palikuwa na paka wangu, upande wa pili palikuwa na kuchubuka vidole, basi. Sikujua kwamba kuna mtu mzima aliyekuwa akipimwa pia.

Mchana mmoja tulikuwa wawili nyumbani, Bibi na mimi, nikaamua lazima akae kwenye kochi. Niliona ni dhuluma kwamba nyumbani kwa mwanawe yeye peke yake hajui mto wa sufi ulivyo. Akakataa. Nikamvuta mikono, nikamwambia hakuna mwanaume hapa anayetuona. Mwishowe alikaa ukingoni mwa lile lile la karibu na dirisha, maana ndilo lililokuwa jirani na mkeka wake, akafunika mdomo kwa kiganja, akacheka kimya kimya kama msichana. Mama akaingia na kikapu chake.

Bibi alishuka haraka kuliko magoti yake yalivyoweza. Alipiga magoti sakafuni, mama mkwe mbele ya mke wa mwanawe, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nimekosa."

Mama aliweka kikapu chini. Alilitazama kochi, akamtazama Bibi, akaenda jikoni. Mimi nilishusha pumzi, nikidhani kosa la kukaa limeombewa msamaha na limepita. Sikujua kwamba Mama alikuwa amesikia akiombwa msamaha wa jambo jingine kabisa, wa mkojo ule, na kwamba kwake kesi ilikuwa imekwisha, shahidi ni mshtakiwa mwenyewe.

Baada ya hapo nikaanza kumwona Mama akifanya kitu kipya. Siku za kufua alizichukua kanga za Bibi, moja moja, akaziinua mpaka puani akavuta pumzi huku amefumba macho. Kanga za mwingine yeyote hakuzinusa. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikimtazama, na moyo wangu ulifurahi. Nilidhani anampenda. Nilidhani baada ya miezi yote ile ya ukimya Mama ameanza kuipenda harufu ya Bibi kama nilivyoipenda mimi, harufu ya moshi wa kuni na majani ya migomba. Basi nami nikataka kupenda kama Mama. Jioni Bibi akiwa amekaa, nilishika pindo la kanga yake, nikaliweka puani, nikafumba macho nikavuta.

Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia kwa fahari kwamba Mama hufanya hivi kwa kanga zake zote kabla ya kufua.

 Alilichukua lile pindo taratibu mkononi mwangu akalichomeka chini ya goti. Kuanzia siku iliyofuata Bibi hakunywa kitu chochote baada ya jua la mchana. Chai alikataa, maziwa alikataa, uji aliuacha unaganda. Na kila baada ya muda mfupi aliinuka na fimbo yake akaenda chooni kule nyuma ya nyumba, akipita mbele ya dirisha la jikoni ili Mama amwone anakwenda. Bikizee wa umri ule anajinyima maji ili kuthibitisha kwamba yeye ni msafi. Nikikumbuka hilo nataka kuvunja kitu, na hapa nilipo hakuna cha kuvunja isipokuwa kikombe changu mwenyewe.

Mama alimweleza Baba usiku wa Alhamisi, chumbani, nami nililala chumba cha pili. Alizungumza kwa sauti ya chini muda mrefu, harufu, kochi, wageni, aibu, umri. Hakumtukana Bibi hata mara moja. Watu wenye adabu hawahitaji kutukana. Nilikuwa nasubiri Baba aseme kitu, kwa kuwa hata mimi, kwa akili zangu za kitoto, nilijua kuna neno moja tu la kusema. Mama yake hakai kwenye viti. Alimjua tangu kuzaliwa kwake, alimwona kila siku amekaa chini. Angesema hivyo tu, na kesho yake wangetafuta sababu nyingine, wangempata paka. Nikasikia anakohoa. Halafu akasema Jumamosi kuna gari la kahawa linakwenda Kamachumu.

Majirani aliwaambia kwamba mzee amekumbuka kwao na hewa ya kule inamfaa. Bibi alipanda mbele kwa dereva na fundo lake la nguo. Aliniita akanishika kidevu, akaniambia nisome. Mimi nilikuwa nimembeba Pili.

Hazikupita siku kumi. Mama alitoka shambani mapema kwa sababu ya mvua, akamkuta Pili amechuchumaa kwenye lile kochi, mkia juu, hana wasiwasi. Baba aliporudi alimtia paka kwenye gunia, akalifunga nyuma ya baiskeli, akaenda nalo, akarudi na gunia tupu limekunjwa vizuri. Nililia sana, lakini ndani ya kilio nilikuwa na faraja moja, kwamba sasa ukweli umejulikana na Bibi atarudi. Nilikunjua mkeka wake. Nilimwuliza Mama kama tukamkatie nyasi kabla hajafika. Akaniambia Bibi ameshazoea kule.

Usiku ule niliwasikia tena. Safari hii Mama ndiye aliyelia. Nataka kumtendea haki, alilia, na alisema itabidi wamfuate. Baba akamjibu kwa ile sauti yake ya mikutanoni, yenye mpangilio na hoja.

"Tukimrudisha sasa," alisema, "tutawaambia watu nini?"

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Bibi hakuwapo, na lake halikuwapo. Mto wa kochi ulitolewa sufi ukajazwa mpya, sakafu ikakwanguliwa ikapakwa nta tena, na nyumba ya mfano ikanukia vizuri kuliko wakati wowote.

Likizo ya Krismasi nilipelekwa Kamachumu kusalimia. Bibi alikuwa kwa mke wa marehemu shemeji yake, amepewa pembe jikoni. Nilimkuta nje, amekaa kwenye jani la mgomba karibu na ukuta. Mwenye nyumba alinilalamikia kwamba mgeni huyu ni wa ajabu, sebuleni anakataa kuingia, hata mvua ikinyesha anasimama kizingitini, ukimwita anasema pale panamtosha. Nilingoja mpaka tukabaki wawili, nikamwambia yote, paka, nyasi nilizokuwa nazitupa, gunia. Nilitegemea atashangaa.

"Najua, mwanangu," alisema. "Nilimwona paka siku ile ya kwanza. Kwani nyasi zangu nilidhani zinaliwa na nani?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Alikaa akisugua goti lake. Akaniambia angemtaja paka, paka angeuawa, na mimi ningebaki na kilio. Hilo lilikuwa dogo. Lakini tena, mtu wa umri wake atasimamaje mbele ya mtoto aliyemzaa aanze kujitetea kwamba hakujikojolea? Maneno hayo hayatoki katika kinywa cha mama. Hayo husemwa na mtoto.

"Nilikuwa namsubiri baba yako," akasema.

Niliporudi Ijuganyondo nilikwenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Nilimpa maneno ya Bibi kama yalivyo, sikupunguza. Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningejua yamefika. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa, akasema hayo ni mambo ya wakubwa, halafu akanituma nikafunge vipande vya blanketi miguuni ning'arishe sebule kwa kuwa jioni kuna mkutano. Nikang'arisha. Nasema kweli, ile sakafu sijawahi kuing'arisha vizuri kama siku ile, na sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye nilipokuwa nateleza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Bibi alifariki wakati wa masika, kwa homa, pale pale jikoni. Tulikwenda sote Kamachumu. Watu walikuwa wengi, kwa sababu Baba alikuwa mtu anayejulikana. Na Baba alilia. Alilia kwa sauti ya juu, akijirusha, akimwita mama yake, akiuliza amemwachia nani, mpaka wanaume wawili wakamshika mikono asiangukie jeneza. Wanawake nilioketi nao walitikisa vichwa. Mmoja akasema, tazameni mtoto anayempenda mama yake, wamebaki wachache wa namna hii.

Mimi nilikuwa mkavu. Mama akaniona, akaninong'oneza nilie kidogo, watu wananitazama.

Nikamwambia namsubiri Baba anyamaze.